Mapipa Yasiyo na Mdudu

Mimi shule niliiacha mapema, na kwa taarifa yenu hasara waliipata wao. Mkono huu unaoandika ndio unaonyoosha magurudumu ya baiskeli za mtaa mzima, na halijawahi kutoka gurudumu kwangu likiwa linayumba. Lakini leo sikuja kujisifu. Leo namsema shemeji yangu, mume wa dada yangu, mwalimu wa biolojia ambaye mtaa wote unamwita Hadubini. Jina hilo nilimpa mimi. Hapo sijajisifu, nimetaja tu ukweli.

Nilimpa siku ya kwanza alipokuja kwetu kujitambulisha. Wazee wamekaa, wamekohoa vya kutosha, wanasubiri kijana afungue mdomo. Yeye kainama kwenye mkeka, jicho moja kalifumba, anamwangalia sisimizi anayeburuta punje ya sukari.

"Kijana, umepoteza kitu?" baba akamuuliza.

"Hapana, mzee. Nashangaa kwa nini hapiti njia fupi."

Baba akaniangalia mimi, mimi nikamwangalia dada, dada akaangalia dari. Basi, tukampa. Mtu anayemwonea huruma sisimizi hawezi kumpiga mke, na kweli hajampiga. Tatizo lake ni moja tu: ile "kwa nini" haijamtoka mpaka leo. Au niseme haikumtoka mpaka juzi juzi, maana ndiyo habari yenyewe.

Shule anayofundisha ni sekondari ya kutwa, majengo marefu ya bati, ukuta umechubuka kama goti la mtoto mtundu. Maabara yake ina mabomba yasiyotoa maji na hadubini moja ambayo kioo chake cha chini kilivunjika zamani. Alichomeka kipande cha kioo cha poda cha dada yangu. Dada alinuna, lakini hakukidai. Kila Jumamosi, walimu wenzake wakiwa wamelala au wako kwenye biashara zao, yeye yuko humo na wanafunzi wachache, wanapekua majani na kuchungulia maji ya mtaro kama watu waliopoteza pete.

Jumamosi hizo zilikuwa na sababu. Chuo kikuu kilikuwa na mpango wa kuwafundisha wanafunzi wa sekondari kufanya utafiti. Mwanafunzi anasajili swali lake mwanzoni mwa mwaka, anapewa mlezi, yaani msomi wa chuo wa kumshika mkono, halafu mwisho wa mwaka kazi zote zinatundikwa ukumbini, majaji wanapita wakiuliza. Wachache wanaochaguliwa wanahamishiwa shule ya bweni iliyo chini ya chuo, na huko wanasomeshwa mpaka wamalize. Ukiingia mle umeukata. Kila mzazi alikuwa akiimezea mate nafasi ile.

Shule ya shemeji ilipeleka watoto mwaka baada ya mwaka, na mwaka baada ya mwaka walirudi na soda waliyonyweshwa na shukrani za kushiriki. Sababu niliijua hata mimi. Shule nyingine, swali analeta mlezi, kazi anafanya mlezi, mtoto anakaririshwa. Hadubini alikuwa hataki. Mwanafunzi akimfuata, "Mwalimu, nipe swali," anamjibu, "Swali halikopeshwi. Nenda kaangalie, likikuuma njoo." Wengi walikwenda wakaangalia, hawakuumwa na kitu, wakaenda kucheza mpira.

Mpaka akaja binti wa fundi muashi.

Baba yake mnamfahamu kwa sura hata kama hamumjui: kila mtaa una muashi wake, mtu wa maneno machache na matofali mengi. Mkewe alifariki, akabaki na binti huyo mmoja. Binti, wenzake shuleni walimwita Kwanini, na si kwa kumsifu. Asubuhi moja anachota maji kwenye pipa la kwao, lile lenye mfuniko, akaona viluwiluwi vya mbu vinacheza humo kama vimealikwa. Akachungulia pipa la jirani, lililokaa wazi mchana kutwa. Hakuna kitu. Na kila mwaka watu wa afya wanapita na spika: funikeni mapipa, funikeni mapipa! Akaenda kwa mwalimu wake: mbona lililofunikwa ndilo lina wadudu?

Shemeji alikuja kwenye karakana yangu karibu anakimbia.

"Amepata, shemeji! Amepata!"

"Amepata nini? Mchumba?"

"Swali!"

"Maswali hata mimi ninayo. Kwa mfano, lini utanirudishia spana yangu?"

Hakunisikia. Alikaa juu ya tairi bovu akinieleza habari za mifuniko isiyobana na kivuli ambacho mbu hukipenda, mikono inakwenda huku na huku. Sijawahi kumwona hivyo, hata siku ya harusi. Siku ya harusi alikuwa na woga.

Lakini muashi alikuwa na lake. Dada yake ana duka mji mwingine, alikuwa anamtaka binti akamsaidie, na yeye mwenyewe alishakubali nusu. Alimwambia shemeji mbele yangu, huku anakung'uta saruji kwenye kiganja: "Mwalimu, nakupa mpaka maonyesho. Akichaguliwa, mchukue, asome mpaka azeeke. Asipochaguliwa, shangazi yake anamsubiri. Mimi siwezi kumwacha hapa anachungulia mapipa ya watu."

"Atachaguliwa," shemeji akasema.

Mtu ambaye hakuwahi kusema jambo bila kuongeza "huenda"!

Kazi ikaanza. Kila Jumamosi asubuhi binti anapita nyumba kwa nyumba katika mtaa wetu na upawa, bakuli jeupe na tochi. Anapiga hodi, anasalimia, anaangalia mfuniko, anachota, anamimina kwenye bakuli, anahesabu viluwiluwi, anaandika, anashukuru, anaondoka. Alikuwa na adabu kiasi kwamba hata yule mama fundi cherehani, ambaye hakaribishi hata mvua, alimpa kigoda. Kwangu alipita pia. Mimi sina pipa, nina ndoo, na nikamwambia mbu wa kwangu huzaliwa hospitali. Akacheka, akaandika: hakuna pipa.

Wiki za mwanzo zilikuwa nzuri. Viluwiluwi tele! Mlezi wa chuo, kijana mmoja msomi wa kuvaa miwani na kuongea haraka, aliwatumia ujumbe wa sauti akisema takwimu zinapendeza, waendelee. Alikuwa na shule nyingi za kulea, kwa hiyo tulikuwa tunamsikia zaidi kuliko kumwona, kama redio.

Halafu wadudu wakaisha.

Hawakupungua, waliisha kabisa. Nyumba hii sifuri, ile sifuri, mapipa yenye mfuniko sifuri, yasiyo na mfuniko sifuri. Wiki iliyofuata hivyo hivyo. Mvua inanyesha, mbu wanatuimbia masikioni, lakini kwenye mapipa hakuna kitu. Mlezi akapiga simu, safari hii mwenyewe.

"Mwalimu, huyu mtoto anakwenda kweli kuhesabu, au anakaa nyumbani anajaza sifuri?"

Binti alilia siku hiyo, lakini hakulia mbele ya watu. Jumamosi iliyofuata alitoka mapema kuliko kawaida yake, kabla jua halijapata nguvu, akapita mtaani bila upawa. Akamkuta mama fundi cherehani kapiga magoti, kichwa na mabega viko ndani ya pipa, anasugua kwa mchanga. Kando yake jirani naye anamwaga maji. Ng'ambo ya barabara, mzee mstaafu wa bandari anapiga brashi mfuniko.

"Shikamoo, mama. Mnafanya nini?"

"Marahaba, mwanangu. Tunakusafishia! Unakuja kuhesabu, ukute uchafu? Ile mara ya kwanza ulihesabu wadudu kwangu mbele ya wateja, nilitamani ardhi ipasuke. Sasa njoo, hata ukitafuta kwa miwani hupati." Akajifuta uso, akamwuliza kwa siri kidogo, "Eti, sisi tumefaulu? Au wa barabara ya pili wametupita?"

Mnaelewa? Mtaa mzima ulidhani ndio unaofanya mtihani. Kila mmoja alikuwa anapigania sifuri yake. Na wengine, wale waliomjua binti tangu akiwa mgongoni kwa marehemu mama yake, walisugua kwa kumpenda tu: mtoto wa watu asipate tabu ya kuhesabu. Siku sita viluwiluwi vinaanza kukua, ya saba vinamwagwa. Hakuna mtaa duniani uliomsaidia mwanafunzi wake kwa bidii namna ile, na hakuna uliomwangusha vizuri zaidi.

Mchana wa siku hiyo tulikaa sebuleni kwa shemeji. Dada alikuwa ametuwekea chai, mimi nakula kwa niaba ya wote. Simu ilikuwa mezani, sauti ya mlezi imefunguliwa ili sote tusikie.

Shemeji alieleza kwa furaha, ndiyo, kwa furaha! "Haya ni matokeo makubwa kuliko yale tuliyotafuta. Watu wamejua wanahesabiwa, wakabadilika. Spika za afya zimepiga kelele miaka yote hawakusafisha. Mtoto mmoja na bakuli kawafanya wasafishe. Aandike hilo."

"Mwalimu, hilo si swali alilosajili. Muda wa kubadili umepita."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo namba za mwanzo ni nzuri. Hizi za baadaye mzikadirie kwa kufuata zile. Mnanyoosha kidogo tu. Kila mtu hunyoosha."

"Kunyoosha ndiko kubuni?"

Mlezi alivuta pumzi. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyechoka. "Mwalimu, nina watoto wengi. Mimi nataka huyu apite. Wewe unataka nini?"

Simu ikakatika, sijui mtandao au yeye. Mimi nikaona nisaidie. "Nyoosheni, bwana! Mimi nanyoosha kila siku na hakuna aliyenipeleka polisi."

Binti akacheka kidogo. Ndilo cheko la mwisho nililolisikia kwake. Shemeji akamgeukia.

"Wewe unasemaje?"

Alifikiri, huku anazungusha kikombe. "Mwalimu, wao wamesafisha kweli. Nikiandika wadudu walikuwepo, si nitakuwa nimewasingizia?"

Shemeji alimwangalia kwa jicho moja, lile la sisimizi. Alikuwa amemsubiri mwanafunzi wa namna hiyo tangu aanze kushika chaki.

"Andika ulichokiona," akasema.

Dada yangu alikuwa amesimama mlangoni na birika. Dada huwa hasemi mengi kwenye mambo ya shule. Alisema, "Baba watoto, ukweli ni wako. Mtoto ni wa watu."

Shemeji akamsogezea binti daftari. Mimi nilikuwa na mkate mdomoni.

Siku ya maonyesho nilivaa suti yangu, ambayo nikiivaa watu huniuliza kama ni mbunge. Ukumbi wa chuo una sakafu inayong'aa mpaka unajiona soli. Mbao zimepangwa safu safu, kila mtoto kasimama mbele ya bango lake. Mengine yamechapwa kwa rangi, yana picha za mashine ambazo hata mlinzi wa ukumbi alikuwa anazisogelea kwa heshima. Nilisimama mbele ya kijana mmoja wa shule yenye ukuta mrefu. Akanimwagia maneno bila kumeza mate, kama bomba lililopasuka. Alipomaliza nikamwuliza, "Vizuri sana, mwanangu. Sasa wewe mwenyewe hapo ulishika nini?" Akageuka kumtazama mlezi wake. Mlezi akanitazama mimi. Nikasogea.

Bango la binti lilikuwa la karatasi ya manila, kaandika kwa mkono, mapipa kayachora kwa kalamu za rangi. Mstari wa viluwiluwi unapanda, unapanda, halafu unaanguka chini na kulala hapo hapo mpaka mwisho wa karatasi. Majaji wakafika. Mkubwa wao alikuwa mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi.

"Hapa matokeo yako wapi?"

"Matokeo ni kwamba walipojua nahesabu, walisafisha."

Majaji wakacheka. Si kwa ubaya, na hilo ndilo lililouma zaidi. Mmoja akasema, "Basi dawa ya mbu ni wewe! Tukuzungushe nchi nzima." Wakacheka tena, na binti akajaribu kutabasamu nao.

"Na mifuniko?" mama jaji akauliza. "Uliuliza kuhusu mifuniko. Jibu lake?"

"Sikupata, kwa sababu..."

"Inavutia sana, binti. Lakini hukujibu swali ulilosajili." Akavaa miwani, akaandika kitu kifupi, wakahamia kwenye mashine.

Shemeji alitaka kuwafuata. Aliinua mkono kabisa, kama mwanafunzi, na mkono ukabaki hewani. Mlezi alikuwa ukumbi wa pili na shule nyingine. Alipopita baadaye alimshika shemeji bega, akasema taratibu, "Nilikuambia, Mwalimu." Majina yaliposomwa, jina la binti halikuwemo. Yule kijana wa bomba alikuwemo, na alishangilia kwa maneno yake mwenyewe, machache lakini safi.

Tulitoka tukatembea kuelekea kituoni, binti kakunja bango kalitia kwapani. Sote macho chini. Hata mimi, nawaambieni, hata mimi. Tukiwa tumesimama pale kituoni, akauliza bila kumtazama mwalimu wake:

"Mwalimu, ningenyoosha, ningepita?"

Nilimkanyaga shemeji mguu. Nilimkanyaga kwa kisigino, nikimwomba mara moja tu maishani mwake adanganye. Aseme, "Wapi! Wasingekuchukua, wana watu wao." Uongo mdogo, wa hisani, hata malaika angeangalia pembeni.

"Ndiyo," akasema. "Ungepita."

Binti akaitikia kwa kichwa. Hakuuliza kwa nini.

Baba yake alitimiza ahadi kama anavyotimiza ukuta, bila hasira na bila kuchelewa. Binti aliondoka na shangazi wiki ileile. Shemeji alikwenda kumwomba muashi, akamkuta juu ya jukwaa la mbao anapiga lipu. Muashi alishuka, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Mwalimu, sina ugomvi na wewe. Ulisema atachaguliwa," akapanda tena.

Mtaani, Jumamosi mbili tatu watu waliendelea kusugua. Halafu mama fundi cherehani akaniuliza, "Kwani hatuhesabiwi tena?" Nikamwambia mtihani umekwisha. Akaiweka brashi.

Shemeji hakuugua, hakulewa, hakugombana na mtu. Ingekuwa afadhali. Aliendelea kwenda shule, shati limepigwa pasi, ila Jumamosi akawa analala kama walimu wengine. Nilimtania kila utani ninaoujua, na mimi utani ninaujua. Nilimwambia sisimizi wamenituma, wanamuulizia. Alinijibu, "Wasalimie."

Mwaka uliofuata akaja kijana mmoja, mtoto wa karani wa posta, mpole, mwandiko mzuri, anaitikia "ndiyo, Mwalimu" kabla hujamaliza kusema. "Mwalimu, nami naomba kushiriki, ila sijui niulize nini." Nilikuwepo, nimekuja kufunga kitasa cha maabara. Nilisubiri amfukuze akaangalie majani. Shemeji akavuta kiti.

"Kaa," akasema. "Chukua kalamu."

Akamwandikisha swali. Miezi iliyofuata akayafanya yote yeye mwenyewe: akapima, akachora, akanyoosha palipopinda, akampigia simu mlezi wakapatana kwa dakika chache kama wauza ng'ombe. Bango lilichapwa kwa rangi. Jioni, baada ya masomo, alikuwa anamsimamisha kijana mbele ya ubao anamkaririsha: "Sema 'niligundua.' Usiseme 'tuliambiwa.' Tena. Inua kidevu."

Kijana akachaguliwa. Wa kwanza katika historia ya shule ile. Mkuu wa shule alitangaza kwa kipaza sauti, akamwita shemeji "baba wa utafiti," wanafunzi wakapiga makofi mpaka bati likalia.

Dada alifanya karamu nyumbani, maana watu wangekuja hata asingewaita. Karani wa posta alikuja na familia yake nzima, mkuu wa shule akarudia hotuba ileile, na mimi nikaeleza jinsi ninavyohusika. Muashi alipita pia, na nguo za kazi, hakutaka kuingia. Alimpa shemeji mkono mlangoni.

"Hongera, Mwalimu. Sasa umeijua njia."

"Binti hajambo?"

"Hajambo. Dukani wanamsifu. Haongei sana." Akaaga.

Shemeji akaenda kukaa barazani peke yake. Nilimfuata na sahani, nikaketi kando yake, nikala chakula chake. Baada ya muda kijana akatoka ndani, kavaa shati jipya, akasimama mbele yetu mikono nyuma.

"Mwalimu, asante sana. Ila nilitaka kuuliza. Huko niendako, wakiniuliza kwa nini nilichagua swali lile, nijibu nini?"

Shemeji alimwangalia kwa macho yote mawili, kama watu wote wanavyoangaliana.

"Hawatakuuliza," akasema. "Watakuuliza jina lako na shule uliyotoka. Hayo si unayajua?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi."

Kijana akacheka kwa furaha, akashukuru tena, akarudi ndani kwenye soda. Dada akatuita tuingie, picha inapigwa. Niliingia mimi.